Mchonga Sanamu Aliyefungiwa Patasi Mikononi



Mkristu aingiapo kanisani hupiga goti mbele ya altare, kisha huinua macho akauona msalaba, na sanamu ya Mama Bikira Maria, na picha za Njia ya Msalaba ukutani. Husali, hutoka, hurudi nyumbani kwake. Ni wachache mno waulizao: Sanamu hii ilichongwa na nani? Alikuwa mtu wa namna gani? Ni nani aliyemnolea vyombo vyake na kumletea maji alipokuwa kazini? Maswali haya si ya upuuzi. Maana kila kitu kizuri kilichomo katika nyumba ya Mungu kimepita katika mikono ya wanadamu, na mikono hiyo ina habari zake.

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za fundi mmoja wa nchi ya Brazili, jina lake Antônio Francisco Lisboa. Mama yake alikuwa mtumwa, mtu wa Afrika. Yeye mwenyewe alipatwa na ugonjwa mbaya uliomla vidole vya miguu na vya mikono. Hata hivyo sanamu alizozichonga huhesabiwa kuwa miongoni mwa kazi zilizo bora kabisa katika makanisa ya bara zima la Amerika. Tutawaeleza mambo yake ya sifa na mambo yake ya huzuni pia, maana habari ya kweli hufaa kuliko habari ya kupendeza tu.

NCHI YA DHAHABU

Brazili ni nchi kubwa ya Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Zamani ilitawaliwa na mfalme wa Ureno. Wareno hao ndio wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, wakaja kunyang'anywa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Katika miaka ile ile walipokuwa wakiipoteza Mombasa, watu wao huko Brazili walivumbua dhahabu nyingi katika milima ya bara, mahali palipoitwa Minas Gerais. Watu wakakimbilia huko kama nzige waonapo shamba la mtama. Mji ukatokea katikati ya mabonde, ukaitwa Vila Rica, maana yake Mji Tajiri. Tangu mwaka 1823 mji huo huitwa Ouro Preto, yaani Dhahabu Nyeusi.

Lakini waliochimba dhahabu ile sio waliotajirika nayo. Wachimbaji walikuwa watumwa, Waafrika waliokamatwa pande za Guinea, za Kongo na za Angola, wakapakiwa merikebuni na kuuzwa ng'ambo. Walisimama mchana kutwa ndani ya maji ya mito wakichekecha mchanga, au waliingia mashimoni gizani. Wengi walikufa wangali vijana. Basi yeyote ayasifuye makanisa ya mji ule na akumbuke ya kuwa fedha yake ilitoka wapi.

Palikuwa na jambo jingine la ajabu. Mfalme alikataza watawa wa mashirika wasikae katika Minas Gerais, maana alihofu ya kuwa dhahabu itatoroshwa pasipo kulipiwa kodi. Mapadre wa parokia walikuwako, bali nyumba za Wafransisko au za Wayesuiti hazikuwako. Kwa hiyo waamini wenyewe walijiunga katika vyama vya ibada, wakachanga mali, wakajenga makanisa, wakaajiri mafundi. Kila chama kilikuwa na kanisa au altare yake, na kila chama kilikuwa na watu wake. Wazungu wenye mali walikuwa na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, na ule wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Machotara walikuwa na chama cha Mtakatifu Yosefu. Waafrika, watumwa na walioachwa huru, walikuwa na chama cha Bikira Maria wa Rozari. Wote walibatizwa kwa ubatizo mmoja, wote walipokea Ekaristi ile ile, walakini hawakuketi pamoja. Msomaji alishike jambo hili, maana tutalirudia.

BABA NA MAMA YAKE

Baba yake alikuwa Mreno, Manuel Francisco Lisboa, fundi seremala na mjenzi mwenye sifa katika Vila Rica. Mama yake aliitwa Isabel, naye alikuwa mtumwa wa huyo Manuel. Hati ya maziko ya mwana wao, ya mwaka 1814, yasema alikufa akiwa na umri wa miaka 76, ndiyo kusema alizaliwa karibu na mwaka 1738. Wataalamu wengine husema ni mwaka 1730. Kwa sheria ya siku zile, mtoto wa mjakazi alikuwa mtumwa tangu tumboni. Lakini baba yake alimwacha huru siku ile ile ya ubatizo. Hivyo mtoto alitoka katika maji matakatifu akiwa huru mara mbili, mbele ya Mungu na mbele ya serikali. Habari za mama yake ni chache mno vitabuni. Jina lake moja tu limebaki, Isabel, na hata hilo ni jina alilopewa ugenini.

Manuel Francisco alimwoa mwanamke wa Kireno kwa ndoa, akazaa naye watoto wengine. Mmoja wa watoto hao, Félix, alisoma akawa padre. Antônio hakupata njia hiyo. Yeye alishika vyombo vya useremala. Alijifunza kazi mbele ya macho ya baba yake, kwa kupima, kupiga randa, kuchora na kuchonga, jinsi mwana wa mvuvi ajifunzavyo kutega nyavu. Baba yake alipokufa mwaka 1767, Antônio alikuwa amekwisha kuwa fundi kamili.

MAHUBIRI YA MACHO

Kazi yake ni ya mtindo uitwao Baroko. Mtindo huo ulianza Ulaya baada ya Mtaguso wa Trento, uliofanyika kati ya mwaka 1545 na mwaka 1563. Siku zile Kanisa lilitaka waamini wafundishwe kwa masikio na kwa macho pia, maana wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo mafundi wa Baroko hawakupenda sanamu isimame wima tu kama mti wa nguzo. Walitaka nguo zake zionekane kama zapepewa na upepo, mkono uwe umeinuka, uso uwe na uchungu au furaha, hata mtu asiyejua herufi hata moja asimame mbele yake na kusema: Naam, nimefahamu. Kuta za kanisa zilipindapinda, altare zilipambwa kwa majani, malaika na dhahabu. Kanisa zima likawa mahubiri.

Hapa twataka kuwakumbusha wale walioingia dini karibuni, maana huulizwa na jirani zao: Je, ninyi hamwabudu sanamu? Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulikwisha kufundisha ya kuwa heshima itolewayo kwa sanamu humwendea yule aliyefananishwa. Mti ni mti, jiwe ni jiwe. Kazi ya sanamu ni kutukumbusha.

KANISA LA MTAKATIFU FRANSISKO

Mwaka 1766 ndugu wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko walianza kujenga kanisa lao huko Vila Rica. Kazi kubwa ya kulipamba wakampa Antônio Francisco. Alichonga mimbari zake mbili kwa jiwe. Alitoa mchoro wa mlango mkuu mwaka 1774, na juu ya mlango huo lipo duara la jiwe lenye sura ya Mtakatifu Fransisko akipokea madonda ya Bwana wetu. Katika sakristia alichonga mahali pa padre kunawia mikono kabla ya Misa. Katika miaka ya 1790 alitengeneza altare kuu. Dari ya kanisa hilo ilichorwa baadaye na Manuel da Costa Ataíde, naye alimchora Bikira Maria kati ya malaika wapigao zeze na zumari, uso wake una rangi ya maji ya kunde, kama nyuso za akina mama wa nchi ile.

Jiwe alilolipenda Antônio Francisco ni lile liitwalo jiwe la sabuni. Ni jamii ya jiwe lile lichongwalo huko Tabaka, nchi ya Wakisii, katika Kenya, ambalo wengi wetu tumeona bakuli na vinyago vyake sokoni. Likitoka machimboni ni laini, hukatika kwa kisu, na ukilipapasa lateleza kama sabuni. Jiwe hilo humtii fundi. Lakini pia humfichua, maana kila pigo lisilo na akili huacha alama.

Sasa na turudi kwenye jambo tulilowaomba mlishike. Katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko wa siku zile, aliyetaka kuwa ndugu alipaswa kuonyesha ya kuwa damu yake haikuchanganyika na ya Mwafrika. Antônio Francisco, mwana wa Isabel, hakuweza kuonyesha hivyo. Aliweza kuwachongea mlango, lakini hakuweza kuingia katika mlango ule kama ndugu. Mwaka 1772 alipokelewa katika chama cha Mtakatifu Yosefu, pamoja na machotara wenzake. Yosefu mwenyewe alikuwa seremala, na twafikiri alimpokea vema.

Wasomaji wapenzi, Mtakatifu Fransisko alimkumbatia mwenye ukoma njiani, akamwita ndugu. Wale waliojiita wana wake waliogopa damu ya fundi wao. Yaliyoandikwa katika jiwe juu ya mlango ni mema kuliko yaliyoandikwa katika vitabu vya chama.

UGONJWA

Karibu na mwaka 1777 Antônio Francisco alishikwa na ugonjwa uliomharibu mwili. Waganga wa siku za baadaye wamebishana sana. Wengine wamesema ulikuwa ukoma, wengine wametaja magonjwa mengine. Mambo yaliyompata yaliandikwa na Rodrigo José Ferreira Bretas mwaka 1858, miaka 44 baada ya kifo cha fundi. Bretas alimwuliza Joana Lopes, mkunga, mke wa mwana wa Antônio Francisco, aliyemwuguza mzee huyo mwishoni mwa maisha yake.

Bretas aeleza ya kuwa vidole vya miguu vilikatika, hata fundi hakuweza kutembea ila kwa magoti. Vidole vya mikono vilipinda na kunyauka, na vingine vilianguka kabisa. Uso wake ukaharibika, watoto wakamwogopa. Kwa ajili hiyo alikwenda kazini alfajiri kabla ya watu kuamka, akarudi usiku. Alivaa joho pana na kofia kubwa, na alipochonga mahali pa wazi alijifunika hema watu wasimtazame. Watu wakampa jina la Aleijadinho, maana yake Kiwete Mdogo. Hata leo, katika vitabu vyote vya nchi ile, jina hilo lajulikana kuliko jina lake la ubatizo.

Je, fundi wa kuchonga asiye na vidole atafanya nini? Wengi wangaliweka patasi chini, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Antônio Francisco hakuziweka chini. Aliamuru patasi na nyundo zifungwe kwa kamba katika mikono yake iliyobaki, naye akaendelea kupiga. Alitengenezewa viatu vya ngozi kwa ajili ya magoti, akapanda ngazi navyo. Kazi zake zilizo kubwa kuliko zote alizifanya baada ya kupatwa na ugonjwa huo, wala si kabla.

MAURÍCIO

Lakini tusipite upesi. Mtu hawezi kujifunga patasi mikononi mwake mwenyewe. Ni nani aliyemfunga?

Aliyemfunga aliitwa Maurício. Alikuwa Mwafrika, mchonga mti hodari, naye alikuwa mtumwa wa Antônio Francisco. Pamoja naye alikuwako Agostinho, mchongaji pia, na Januário, aliyemwongoza mnyama ambaye bwana wake alimpanda. Tungalipenda kuwaandikia ya kuwa mwana wa mjakazi hakupata kumiliki mtumwa maisha yake yote. Hatuwezi, maana si kweli. Katika nchi ile hata walioachwa huru walinunua watumwa walipopata fedha, na Antônio Francisco alifanya kama wengine.

Bretas asimulia ya kuwa fundi huyo aligawana na Maurício mapato ya kazi sawasawa. Pia asimulia ya kuwa alipokasirika alimpiga kwa nyundo ile ile ambayo Maurício mwenyewe alikuwa amemfungia mkononi. Na habari za Januário ni za kusikitisha zaidi: aliponunuliwa, alijaribu kujiua kwa wembe. Tuyatafakari mambo hayo pasipo haraka. Mchana, mikono ya Maurício yafunga kamba, yashika jiwe lisitetereke, yachonga pembeni ya mikono ya bwana wake. Jioni, Maurício si mtu huru. Nyumba ya Mungu yapambwa, naye aliyeipamba aweza kuuzwa kama ng'ombe.

Hatuandiki haya ili kumvunjia heshima fundi mkuu. Mtu aliyedharauliwa naye aweza kudharau. Aliyefungiwa mlango naye aweza kumfungia mwenzake. Dhambi hiyo haikuwa ya Brazili peke yake, wala haikukoma upesi. Utumwa ulifutwa katika Brazili mwaka 1888, miaka 74 baada ya kifo cha Antônio Francisco.

CONGONHAS

Katika jimbo lile lile la Minas Gerais uko mji uitwao Congonhas. Hapo Mreno mmoja mchimbaji, Feliciano Mendes, aliugua sana, akaweka nadhiri ya kumjengea Bwana Yesu mahali patakatifu akipona. Alipona. Mwaka 1757 akaanza kazi, akizunguka kuomba sadaka, hata alipokufa mwaka 1765. Wengine wakaiendeleza. Kanisa likasimama juu ya kilima, na chini yake vikapangwa vibanda sita vya ibada, mahujaji wapande taratibu wakifuata mateso ya Bwana wetu.

Mwaka 1796 Antônio Francisco aliitwa kuvijaza vibanda hivyo. Wakati huo alikuwa mgonjwa kwa miaka karibu 20. Kati ya mwaka huo na mwaka 1799, yeye na wasaidizi wake walichonga sanamu zaidi ya 60 za mti wa mwerezi, kubwa kama watu. Yaonekana humo Karamu ya Mwisho, sala ya Bwana katika bustani, kukamatwa kwake, kupigwa mijeledi, kutiwa taji ya miiba, kuchukua msalaba, na kusulibiwa. Stakabadhi za malipo zenye jina lake zimehifadhiwa, kwa hiyo hakuna shaka ya kuwa kazi ni yake. Wataalamu wakizitazama sanamu hizo hutambua mikono mbalimbali. Sura ya Bwana wetu na sura za wachache wengine zina ustadi wa bwana mwenyewe. Askari wengi, wenye pua kubwa na macho ya kutisha, ni kazi ya wasaidizi.

Fikirini kidogo, wasomaji. Mtu asiye na vidole alichonga vidole vya Kristu. Mtu aliyekwenda kwa magoti alichonga miguu iliyopanda Kalvario. Alipochonga uchungu hakuwa na haja ya kuuazima.

Baada ya hapo, kati ya mwaka 1800 na mwaka 1805, alitengeneza manabii 12 wa jiwe la sabuni, wakawekwa juu ya ukuta wa ngazi ziendazo kanisani. Ndio hawa: Izaya, Yeremia, Baruku, Ezekieli, Danieli, Hosea, Yoeli, Amosi, Obadia, Yona, Nahumu na Habakuki. Kila mmoja ameshika gombo lenye maneno ya Kilatini. Amosi amevaa kama mchunga kondoo, Yona yuko na samaki wake, na miguuni pa Danieli amelala simba. Sisi wa Afrika ya Mashariki tukimtazama simba huyo twaweza kutabasamu, maana uso wake si wa simba tumjuaye. Katika misitu ya Brazili hakuna simba, na fundi alimchonga kwa kusikia tu. Lakini Danieli mwenyewe amesimama kwa utulivu mkuu, kama mtu ambaye amekwisha kutoka tunduni.

Ajabu ya mahali pale ni hii. Ahujiye akipanda ngazi, manabii huonekana kama wanaosemezana juu ya kichwa chake. Mmoja ameinua mkono, mwingine amegeuza shingo. Mtu hupita katikati ya Agano la Kale ndipo aingie kanisani. Mwalimu wa dini asingaliweza kupanga somo zuri kuliko hilo. Mwaka 1985 shirika la UNESCO liliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia, na mji wa Ouro Preto ulikwisha kuandikwa mwaka 1980.

MWISHO WAKE

Miaka ya mwisho Antônio Francisco hakuweza kazi tena. Macho yalififia. Mwana wake, aliyeitwa Manuel Francisco kwa jina la babu yake, alikuwa ameoa Joana Lopes, na mwanamke huyo ndiye aliyempokea mzee nyumbani mwake. Alilala juu ya mbao, ubavu wake mmoja umejaa vidonda. Bretas asimulia ya kuwa mara nyingi alimwelekea Bwana Yesu katika sanamu iliyokuwa chumbani, akimwomba aiweke miguu yake mitakatifu juu yake. Yule aliyekuwa amemchonga Bwana mara nyingi sana alitaka sasa kuguswa naye.

Alikufa tarehe 18 Novemba 1814. Alizikwa katika kanisa la Bikira Maria wa Antônio Dias, huko huko Vila Rica, karibu na altare ya Mama wa Kifo Chema. Hakuacha mali.

MAFUNDISHO KWETU

Wazazi Wakristu, neno la kwanza ni lenu. Zipo nyumba ambamo mtoto kiwete, au asiyeona, au mwenye mkono mmoja, huwekwa chumba cha nyuma wageni wajapo, wala hapelekwi shuleni, kwa kuwa watu husema: Huyu atafaa nini? Tazameni Kiwete wa Vila Rica. Hatusemi kila mwenye kilema atakuwa mchongaji mkuu. Twasema hivi: Mungu hakuuliza kwanza vidole vingapi. Mpeni mtoto huyo kitabu, mpeni sindano, mpeni kisu cha kuchongea, kisha mtafute jinsi ya kumfungia chombo mkononi.

Neno la pili ni la walimu. Mkiwasimulia watoto habari hizi, msiishie kwa bwana fundi. Wafundisheni kuuliza nani alifunga kamba. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja haujengi kanisa. Katika vigango vyetu wamo akina mama waliochota maji ya kukandia udongo, wamo vijana waliosomba mawe, yumo mzee aliyekata boriti na hakulipwa. Jina la mfadhili huandikwa ukutani kwa rangi. Majina yao hayaandikwi popote. Tena wamo wale ambao twapokea kazi ya mikono yao kwa furaha, lakini ifikapo siku ya karamu, au siku ya posa, twaanza kuuliza habari za kabila lao na za wazee wao. Hao ndio Antônio Francisco wetu. Na watumishi wa nyumbani, tuwakemeao ovyo na kuchelewesha mishahara yao, hao ndio Maurício wetu.

Twamjua Maurício kwa sababu mwanamke mmoja mkunga, Joana Lopes, alikumbuka yaliyosemwa nyumbani mwake, na alipoulizwa miaka mingi baadaye, aliyasimulia. Asingalikumbuka yeye, tungaliona manabii 12 juu ya ukuta na kudhani ya kuwa mtu mmoja peke yake aliwatoa jiweni.

Kwa hiyo twaomba kila nyumba ipokeayo gazeti hili ifanye kazi moja mwezi huu. Jioni, baada ya sala za familia, baba au mama awaulize wazee waliopo: Kanisa letu lilijengwa mwaka gani, na akina nani? Nani alifyatua matofali? Nani alichonga milango? Nani aliwapikia mafundi? Mtoto ajuaye kuandika achukue daftari ayaandike majina, ya wanaume na ya wanawake, na orodha ipelekwe kwa mwalimu wa kigango aiweke pamoja na vitabu vya ubatizo. Hata jina moja tu likipatikana, liandikwe. Kisha wote waliotajwa na waombewe, walio hai na waliokufa, pamoja na Isabel na Maurício.